Mwenzangu Ameniuliza Atakwenda Wapi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimefika mwisho wa akili zangu. Mimi ni mama wa makamo, nafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali, na kazi hii nimeifanya miaka mingi na mwenzangu tuliyemwita Pasi Moto kwa sababu ya ulimi wake, maana shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, huyu anashika pembe za huku na yule za kule, mnasogeleana mpaka mikono inagusana, na katika kusogeleana huko tukazoeana hata wanangu wakamwita mama mdogo. Dini zetu ni mbili. Saa yake ya sala nilimshikia zamu, yangu akanishikia, na alinitania, "Dada, wewe unakunja kama unavyosali, mbio mbio umalize."

Sasa anaumwa, daktari amemrudisha nyumbani, na sote tunajua maana yake. Juzi namtandikia kitanda akanishika mkono, "Dada, usinifiche. Kwa dini yenu, mimi nikifa nakwenda wapi?" Mshauri, tangu utotoni nimefundishwa njia ni moja, na yeye hayumo. Nikamwambia nateleka maji, nakuja, nikatokea mlango wa nyuma na sijarudi.

Kiongozi wetu wa ibada alisema, "Mama, akili ni mtumishi, usiikalishe kiti cha bwana." Binti yangu anayesoma falsafa chuoni akasema, "Mama, mwenye haki atamhukumuje mtu kwa nyumba aliyozaliwa?" Nimebaki kama shuka bichi, huyu anavuta huku, yule kule. Nikisema atapotea namuua kabla ya siku yake, nikisema ataokoka nimesema nisilolijua. Na sala zimenikauka, maana nikifika pale pa kuomba pepo namwona hayumo, na midomo inagoma.

Mama Mfuaji

Pole, mama. Sasa nisikilize. Mgonjwa kakuuliza wewe, nawe ukazunguka na swali lake mjini. Kiongozi wako anailinda imani, binti yako anaipima kama inasimama. Kesi yao ni ya kurithi na hawataimaliza leo. Mwenzako hana muda wa kuwasubiri.

Jibu hata mimi sina. Lakini dini yako ilikufundisha njia, haikukukabidhi hukumu. Kusema "sijui" si kuikana imani. Ule mlango wa nyuma ndio uliomjibu, tena vibaya kuliko yote uliyoyaogopa.

Rudi leo, upitie mbele. Mwambie ulichofundishwa, maana kasema usimfiche na si mtoto. Kisha mwambie hujui, na kwamba umeshindwa kuomba pepo ambayo yeye hayumo. Usimdanganye, anakujua. Huenda akalia, huenda akakufukuza kwa ulimi ule ule. Wewe kaa.

Na ukikuta ameshafumba macho, sitakuambia utapoa. Waombe ndugu zake wakuachie mashuka yake uyafue. Kuzikunja, mama, utakunja peke yako.