Maelezo ya Nahodha Kuhusu Kuanguka kwa Kocha Katika Kikao cha Takwimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: nahodha wa timu ya kikapu ya wasichana ya chuo, anayeitwa Mzinga uwanjani na hata darasani
Umri: miaka 22
Kazi: mwanafunzi, mwaka wa pili
Makazi: bweni la wasichana, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho karibu na bafu
Shauri: madai ya shambulio, mlalamikaji ni kocha wa timu, mtuhumiwa ni mwalimu wa takwimu

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu na kwa akili timamu, ingawa sijalala vizuri.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa tisa alasiri, niliingia ofisi ya michezo ya chuo kwenye kikao cha kamati. Nahodha huwa mjumbe. Tulikaa kuzunguka meza ya mpira wa meza iliyovuliwa wavu, maana ofisi ile haijawahi kuwa na meza ya maana. Tulikuwa wanne: mimi, kocha, mwalimu wa takwimu, na mlezi wa michezo ambaye ndiye mwenyekiti. Ajenda ilikuwa moja tu, nani apewe nafasi ya ufadhili kuanzia mwaka ujao, mimi au mwenzangu tunayemwita Kimya. Anayeipata anasomeshwa mpaka amalize. Baba yangu mdogo, anayenilipia karo, alishaniambia mwaka huu ndio mwisho wa uwezo wake. Kwa hiyo kwangu ilikuwa ama nipate, ama nifunge mabegi.

Sitakuficha, Afande, niliingia kifua mbele. Mimi ndiye mfungaji bora wa ligi ya vyuo, pointi ishirini na moja kwa mechi. Kimya anafunga nne, tena siku akiamka vizuri.

Kocha alinisemea kwa ufupi: "Watu wanakuja kumwona Mzinga. Tumalize, twende zetu nyumbani."

Mwalimu akawasha projekta. Alisema pointi za mchezaji ni nusu ya habari. Yeye amehesabu timu inafunga na kufungwa kiasi gani kila mchezaji anapokuwa ndani, na kiasi gani anapokuwa benchi. Mahesabu yakaonekana ukutani, ya msimu mzima: nikiwa ndani bila Kimya, tunafungwa zaidi ya tunavyofunga. Kimya akiwa ndani, hata mimi nikiwa benchi, tunaongoza. Akaongeza kwamba vikapu vyangu vingi vinapatikana Kimya akiwa amesimama kwenye njia ya mlinzi wangu na kumzuia asinifikie. "Kazi hiyo hakuna anayeiandika," alisema, "lakini matokeo yanaionyesha."

Loo, iliniuma! Niliona aibu, na nikamchukia yule mwalimu kuanzia viatu mpaka miwani. Nilitaka kumwambia takwimu zake hazijui kuruka. Lakini nilipovikumbuka vile vikapu kimoja kimoja, kila mara nilimwona Kimya pembeni anapigwa kumbo, na mimi nashangilia.

Kama saa tisa na nusu, mlezi alitoka nje kupokea simu. Kocha akasimama, akasema, "Zima upuuzi huu. Miaka yote nafundisha kwa macho, leo unaniletea desimali?" Mwalimu akamjibu, "Kocha, macho yako yanaufuata mpira. Kimya hana mpira." Hapo kocha aliinama, akaushika waya wa projekta kwa mikono miwili na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Plagi ikachomoka. Akaenda kinyumenyume, akajikwaa kwenye mfuko wa mipira, akaangukia mkono wa kulia. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa meza, amekumbatia kompyuta yake kama mtoto mchanga. Alimgusa kocha mara moja tu, alipozunguka meza kwenda kumwinua.

Jioni nilikwenda zahanati ya chuo kumjulia hali. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji na kuning'inizwa shingoni. Akaniambia, "Binti yangu, nimesharipoti kwamba alinisukuma, na shahidi ni wewe peke yako. Akiondoka yeye, mahesabu yake yanaondoka naye. Nafasi ni yako." Nilimwambia, "Pole sana kocha," nikaondoka. Kocha ndiye aliyenifundisha kushika mpira. Nampenda kama baba, na hilo naomba liandikwe. Niliporudi bwenini nililia bafuni, nimefungulia maji ili wenzangu wasisikie.

Leo tarehe 15, asubuhi, nimesikia mwalimu amelala mahabusu. Hakuna aliyeniita hapa, nimekuja kwa miguu yangu. Yule mwalimu sijampenda bado, na sijui kama nitampenda. Lakini hakumsukuma mtu, na najua nikishasema hivi kile kikao kitaendelea na nafasi sitaipata.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni hayo, na maelezo yangu yanakomea hapo.

Sahihi ya shahidi: imewekwa

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti, amekiri ni sahihi na kuyasaini mbele yangu. Nilimuuliza kama ana la kuongeza. Akasema niandike kwamba Kimya anastahili ile nafasi. Nilipoanza kuandika akasema, "Afande, futa hiyo, mimi si malaika." Akafuta machozi, akavaa mkoba wake, akafika mlangoni. Kisha akageuka na kusema, "Haya basi, iache." Nimeiacha.