Mama Hajawahi Kula Kwangu

Jumanne, 18 Novemba 2025

Mama amekubali kuja! Nimekata simu sasa hivi. Atakuja Jumapili ya tarehe thelathini, siku Mbeke mdogo anaombewa kanisani. Nilijua hawezi kukataa – mtoto amebeba jina lake.

Halafu nikaharibu. Nikasema, na baada ya ibada utapita nyumbani tule kitu kidogo. Nikasikia redio yake huko Kajiado ikisoma matangazo ya vifo. Mwishowe akasema sawa, atapita, atakaa. Lakini atabeba chakula chake.

Kama kawaida! Miaka sita naishi na Kimani hapa Kitengela, watoto wawili, na mama aliyenizaa hajaonja hata maji ya mfereji wangu. Si chuki. Ni mbuzi wa ntheo. Watu wa Kimani hawajawahi kuwapeleka kwetu, na kwa Mkamba kama Mama, bila ntheo mimi sijaolewa, na mzazi hali katika nyumba ya mtu ambaye hajamwoa binti yake. Mama anaimba kwaya, anatumia WhatsApp kunishinda, ila hapo kwa ntheo hasongi.

Na Kimani? Kimani husema, mwaka ukianza. Miaka imeanza mingi.

Nataka kitu kimoja tu. Mama ale kwangu. Hata kipande kimoja, hata akiwa amekasirika.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo kazini, wakati wa chai, nimemweleza Wakhungu haya ya Mama. Tunafunga waridi meza moja, na kabla ya maua alikuwa mpishi wa hoteli huko Namanga, kwa hivyo ana dawa ya kila kitu na yote inapikwa. Akaniambia nipike french toast ya oveni. Mkate wa mayai, lakini haukaangwi. Unakatwakatwa, unapangwa kwenye trei na matunda, unamwagiwa mayai na maziwa, unalala kwenye friji, asubuhi unaokwa. Watu wa hoteli wanakula hiyo wakiita brunch. Nikauliza brunch ni saa ngapi. Akasema ni chai ya saa nne iliyochelewa.

Jioni Kimani akauliza, kwani chapati zimekosa nini? Nikamwambia chapati Mama ameshazizoea kuzikataa. Hiki hata jina lake hajui. Ataanzia wapi kukikataa?

Shida ni sukari. Mama ana ugonjwa wa sukari, anajidunga sindano asubuhi na jioni, na akishajidunga lazima ale haraka. Kwa hivyo sitaweka sukari hata kijiko. Embe itatosha.

Jumapili, 23 Novemba

Jaribio la kwanza. Uji!! Juu umeungua, ndani unatetemeka. Nilitumia mkate wa leo, laini, ukanywa maziwa ukayeyuka. Wakhungu amecheka kwenye simu mpaka akakohoa – mkate uwe wa juzi, Nzisa, uwe mgumu kidogo, na ufunike na foil mwanzo, ufunue mwishoni.

Kimani amekula trei karibu yote, maskini, akisema ni tamu. Huyu ni mtu mzuri. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Baada ya kula nikamsikia nje akiongea kwa simu na Anko Gakuru. Babake Kimani alifariki, sasa Anko ndiye wa kuongoza wazee kwenda Kajiado. Nilisikia Kimani akisema ndio Anko, hapana Anko, si lazima sasa Anko. Akaingia, akaniambia Anko anasema Wakamba wana mambo mengi, wangojee kidogo.

Nikasema wewe ndiye unangoja au Anko? Akaenda kufunga mlango wa kuku ambao ulikuwa umefungwa.

Jumatano, 26 Novemba

Mama amepiga. Anauliza, wazee wa Kimani watakuwa hapo Jumapili? Nikasema hapana. Akasema, basi ni siku ya mtoto tu.

Hiyo "tu" imenikaa kifuani siku nzima. Nimefunga maua vibaya, supervisor amenirudishia maboksi.

Jumamosi, 29 Novemba

Kila kitu kiko tayari isipokuwa mimi.

Leshan, jirani wetu, ameleta maziwa asubuhi. Sopa, mama Kui, akanisalimu kwa Kimaasai. Akaniuliza mbona nanunua mengi hivyo, nikasema mamangu anakuja. Akaniongezea kikombe bure na chupa ndogo ya asali ya kwao. Asali nimeiweka juu ya kabati, mbali. Si ya kesho.

Mkate ni wa Alhamisi, mgumu vizuri. Maembe ni ya Makueni, niliyanusa yote sokoni mpaka mwenye meza akaniuliza kama naoa. Ndizi mbili. Mayai, maziwa, mdalasini, iliki kidogo kwa sababu Mama anapenda iliki. Nimepanga mkate, embe, mkate, ndizi, mkate, nikamwaga maziwa polepole, nikabonyeza kwa mkono mpaka kila kipande kikalowa. Kui anasema inafanana na kitanda kilichokojolewa. Mtoto wa miaka mitano! Nimecheka halafu nikaogopa, maana ni kweli.

Kimani amesimama mlangoni muda mrefu akiniangalia. Akasema, mama yako akiniangalia najiona kama mwizi.

Nikasema, basi acha kuiba.

Nilitaka iwe utani. Haikuwa. Amepiga viatu vyake vya kesho rangi mara mbili.

Jumapili, 30 Novemba

Niko jikoni. Trei iko kwenye oveni, Mbeke mdogo amelala, naandika nikiwa nimesimama kwa sababu nikikaa nitaanza kulia bure.

Maombi yalienda vizuri. Mama alifika kutoka Kajiado mapema, kitambaa cheupe kichwani, na kiondo kipya alichosuka mwenyewe, kimefunikwa leso. Ndani, najua, ni chupa ya chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Chakula cha kunikatalia nacho. Mimi na Mama tulikaa benchi la mbele, Kimani upande wa wanaume. Huko mbele palijaa sadaka za vyakula – mikungu ya ndizi, mayai, maboga, jogoo amefungwa miguu anaangalia pasta. Mama alimbeba mtoto mwenyewe. Pasta aliposema "Mbeke", wote wawili waliinua macho. Nikalia, ndio, nimelia, sijali.

Mimi nimetoka kabla ya mahubiri kuja kuwasha oveni. Mama amebaki, Kui yuko Sunday school. Kimani amebaki kwa mnada wa sadaka, anasema leo baba wa mtoto lazima aonekane. Wageni wachache wa kanisani watakuja naye.

Inanukia! Iliki na embe. Bado sijafunua foil. Mama akivuka hapa na hii harufu –

Geti.

Baadaye. Lazima niandike.

Mama alikuja kwa miguu, jua kali, amemshika Kui mkono. Hana kiondo. Akakaa kwenye kiti cha veranda, akaanza kucheka kidogo, akanieleza. Ibada ilipokaribia kuisha alienda choo cha kanisa kujidunga sindano ya asubuhi, aliyoichelewesha kwa safari, ili akitoka ale. Kiondo alikiacha pale kwenye benchi. Kurudi, hakipo. Mhudumu alidhani ni sadaka, akakipeleka nje na vitu vingine – kimenadiwa! Mzee wa kanisa akamshika mkono akamwambia, ubarikiwe mama kwa moyo wako. Ungesema nini hapo? Udai kitu kilichokwisha kutolewa kwa Mungu? Mama akasema amina, akamchukua Kui, akaja.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaona jasho juu ya mdomo wake. Na kitambaa cheupe kimelowa pembeni.

– Mama, umejidunga?

– Nimejidunga.

– Na umekula?

Akaangalia kuku.

Nilikimbia. Maji, sukari vijiko sijui vingapi, nikakoroga nikimwaga. Nikampelekea mdomoni. Akafunga midomo! Mikono inatetemeka, macho yameanza kuniangalia kama mtu wa mbali, na bado amefunga midomo. Nikasema, Mama, tafadhali, ni maji. Nikapiga kelele. Kui akaanza kulia. Mama akasema, polepole kama aliyelewa, "Si hapa, mwiitu wakwa, binti yangu."

Akasimama. Nikadhani anaenda barabarani kutafuta duka, na duka la Wathome hapo mbele hufungwa Jumapili mpaka mchana. Anayumba. Nikamshika kiuno, akanivuta badala ya mimi kumvuta, tukapita kuku, tukapita mti wa papai, tukatoka getini. Hapo nje kuna jiwe ambalo Kimani huzuilia geti. Akakaa juu yake. Akanyoosha mkono.

"Lete sasa."

Akanywa yote. Yote! Nje ya geti, hatua moja kutoka kwangu.

Wakhungu aliniambia mtu akishuka sukari hivyo, baada ya maji ale chakula cha kushiba. Chakula kilichokuwa tayari ni kimoja. Nikaitoa trei kabla ya saa yake, juu bado haijawa kahawia, nikakata pembeni palipoiva. Na mimi niliyekataa sukari siku kumi – nikapanda kiti, nikashusha asali ya Leshan, nikamwaga mpaka sahani ikawa ziwa.

Akala. Mama amekula chakula changu. Kwa kijiko, kwa utaratibu, amekaa juu ya jiwe barabarani na nguo ya kanisa. Ng'ombe wa Leshan wakapita, Leshan mwenyewe akasalimu, Mama akaitikia na mdomo umejaa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi nikimfuta jasho. Rangi ikarudi. Akauliza, hii ndani ni embe?

– Ni embe, Mama.

– Na iliki.

– Na iliki.

Akasema mkate umekaa vizuri. Sijui nilitaka kumkumbatia au kumgombeza. Ungekufa kwa sababu ya mbuzi, nilimwambia. Akasema, sikufa.

Tena. Sasa hivi.

Kimani amefika na pikipiki, amewatangulia wageni. Amefurahi, suti imejaa vumbi, na mkononi – kiondo.

Yeye ndiye alikinunua!

Hakukijua. Angekijua vipi, ameonana na Mama mara ngapi? Akasema kwa ile sauti yake ya heshima, akiangalia chini, Mama, nimekuletea zawadi, nimeshindana na watu huko mpaka wakaniachia. Akafunua leso. Chupa ya chai. Viazi vitamu. Akaangalia viazi, akamwangalia Mama juu ya jiwe, akaona sahani, akaona magoti yangu. Nikamweleza kwa maneno machache: sindano, kiondo, maji. Nimeona uso wake ukishuka. Sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye mazishi ya babake.

Akainyoosha mikono yote miwili. "Mama, chukua. Ni yako. Samahani."

Mama hakunyoosha mkono. Alimeza kwanza.

"Ilikuwa yangu," akasema. "Sasa umenunua, tena mbele ya kanisa. Hata hizo viazi ni zako. Mimi siwezi pokea kitu kwa barabara kama mtu wa kuomba. Utaniletea Kajiado."

Kimani akasema, ndio Mama.

"Na wazee wako."

Kimani akarudisha leso juu ya viazi.

"Na hiyo kiondo isikuje peke yake."

Kisha akanipa sahani bila kuniangalia. "Ongeza. Lakini usiweke asali."

Nimekuja jikoni kukata kipande cha pili na badala yake naandika, wazimu gani huu. Juu sasa ungekuwa kahawia. Kupitia dirisha nawaona. Yeye juu ya jiwe. Kimani katikati ya geti, mguu mmoja ndani, mmoja nje, kiondo kimening'inia kwenye mkono wa suti kama mama anayeenda sokoni. Ametoa simu. Nilidhani anawapigia wageni wasije.

Ameweka sauti ya juu. Nasikia mpaka huku.

"Anko, ni mimi. Hapana, usikate. Niko na mamake Nzisa hapa, amekaa nje ya geti yangu, kwa jiwe. Hapana, Anko, haingii. Ndio. Ndio kwa sababu yangu."

Anko anaongea haraka, sielewi. Kimani anamwangalia Mama. Kwa mara ya kwanza anamwangalia usoni.

"Anko, si mwaka ukianza," amesema. "Mbuzi wanaenda Kajiado Desemba hii."

Mama ameinua kichwa. Sahani ninayo mimi hapa, mkononi, na siwezi kusonga.