Herufi Zilizolala Nyuma

2 Machi

Mpwa wangu,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye kiwanda kizima cha magodoro hakifunguki. Mimi mzima, ni goti tu linanung'unika. Wewe je?

Huu mwaka wa kumi na tisa nashika daftari la wageni hapa getini. Mtu akiandika jina tu, najua hadi alichoota jana. Kuna mkaguzi alikuja, mkia wa herufi yake umepinda, nikamwambia mkurugenzi: huyu ataondoka na kalamu yetu. Akaondoka nayo! Tangu hapo haajiriwi hata mfagizi kabla sijaona hati ya mkono wake. Na elimu hii sikufundishwa na mtu. Shule niliacha darasa la nne, walimu walipoishiwa ya kunifundisha.

Sasa mama yako kanionyesha barua ya huyo fundi saa anayetaka kukuoa. Herufi zote zimelala nyuma, kama mtu anayetafuta mlango. Atakukimbia huyo. Nimemwambia mama yako: hapana.

Mjomba wako

7 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti limenyamaza. Mimi mzima wa mwili tu, usingizi umenihama. Nikifungua mdomo, mama ananikata: "Mjomba wako kashasema." Wazee wa fundi saa wanakuja tarehe ishirini na nne, na mama anaapa atawarudishia mlangoni.

Nakutumia kurasa mbili zisizo na majina. Nisomee. Usinifiche kitu.

Mpwa wako

12 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Hapo umekuja kwa mwenyewe. Ukurasa wa kwanza, herufi zimesimama wima kama askari kwenye gwaride. Huyu ni mume! Hata akiumwa atakwenda kazini.

Wa pili lugha yake siijui, lakini tabia haina lugha. Mistari inapanda, inashuka, wino wote umekimbilia kushoto. Tapeli. Huyo hata kivuli chake hakimwamini. Nilimwonyesha mpishi wa kantini, akashika kifua.

Chukua wa kwanza. Suti yangu ipo tayari.

Mjomba wako

16 Machi

Shikamoo mjomba,

Nisamehe, sikuwa na njia nyingine. Kurasa zote mbili kaandika fundi saa.

Ule wa kwanza ni hati ya chuo cha ufundi. Mwalimu wao aliwachoresha kila herufi kwa rula. Wa pili ni lugha ya bibi yake, inayoandikwa kutoka kulia. Hiyo ndiyo aliyofundishwa kwanza, sakafuni, akiwa na miaka mitano. Akiandika lugha yetu upesi, mkono unarudi kwa bibi, herufi zinalala.

Nikamuuliza, "Sasa mama ungemwandikia kwa rula, ungekufa?" Akasema, "Ile ni hati ya mtihani. Mama mkwe nimemwandikia kwa yangu."

Mtu mmoja, mjomba, walimu wawili. Zimebaki siku nane, na mama hamsikilizi mwingine ila wewe.

Mpwa wako

20 Machi

Shikamoo mjomba,

Kimya. Ni goti? Mama keshawakataza majirani kutuazima viti. Siku nne.

Mpwa wako

22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, zote mbili. Goti zima. Nilikuwa na mambo mazito ya kiwanda, mkurugenzi hawezi kitu bila mimi.

Jana nilikwenda kwa mama yako. Nikaanza kumweleza kwamba nimegundua elimu mpya, ya kina zaidi. Akanikata: "Kaka, leo sema ukweli." Basi nikaomba karatasi, nikaandika jina lake kwa mkono wa kushoto, mkono ambao sijaushikisha kalamu tangu yeye yuko mgongoni. Akalitazama. Akaleta barua ya fundi saa, akaziweka pamoja. Herufi zimelala upande uleule.

"Kumbe na wewe tapeli!" akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Wazee waje. Viti nitaleta mimi.

Hii nayo nimeiandika kwa mkono huo, ndiyo maana haifanani na zile za nyuma. Mwalimu wa darasa la nne aliufunga kwenye dawati kwa mkanda wake, niandike kwa wa kulia kama wenzangu. Walimu hawakuishiwa, mpwa wangu. Siku mkanda ulipolegea nilitafuta mlango, nikamkuta amesimama hapo, nikapitia dirishani.

Mjomba wako