Kamera Kuukuu Imeona Sangara

Jumanne, usiku

Imewaka! Bado nacheka peke yangu kama chizi.

Tangu kompyuta ya kiwandani ife nikaweka nyingine yenye mfumo wa Linux, ile kamera ya zamani inayokagua minofu ya sangara kwenye mkanda iligoma kabisa. Bosi alisema leo ikishindikana inatupwa, na mimi fundi wake sijui ningebaki na kazi gani.

Mchana nikabadilisha mpangilio mmoja tu wa kadi ya mtandao, ile inayopokea picha za kamera. Kioo cheusi cha kompyuta kikajaa mkono wenye glavu, wa Mama Koku, mpanga minofu.

"Mama, shikamoo! Nakuona!"

"Marahaba. Unaniona wapi?"

Alipojiona kwenye kioo akaanza kucheza. Bosi akaingia, akatazama, akacheka. "Haya, washeni mkanda!" Minofu ya sangara ikaanza kupita kiooni.

Nimeiacha inawaka. Kuizima naogopa, isije ikagoma tena.