Nilisema Nimeweka Njia Zote Mbili

Maman Adélaïde, ambaye nakusikiliza redioni kila Alhamisi nikipika na leo nimeacha sufuria motoni ili nikuandikie, naomba unisaidie, kwa sababu tangu mwezi wa pili nikienda kuungama nataja makosa yangu yote isipokuwa hili moja.

Niko na miaka thelathini na tatu, sijaolewa, naishi Ibanda na mama yangu, na kazi yangu ni kuangalia mashine za internet katika kampuni ndogo inayounganisha ofisi, shule na kliniki chache za hapa Bukavu. Tulikuwa mafundi wawili tu, mimi na Papa Edouard, ambaye ndiye alinipokea nikiwa stagiaire, mwanafunzi wa kazi, akanifundisha kila kitu hadi namna ya kubana waya.

Ili unielewe lazima nikueleze kidogo. Internet yetu inaingia mjini kwa njia mbili: fibre, yaani waya wa mkongo, ambayo ni ya haraka, na parabole, sahani ya satelaiti juu ya nyumba moja, ambayo ni ya polepole lakini inaishi kwa panneau za jua. Kila mteja ana routeur, mashine inayoamua ujumbe upite wapi, na hizo routeurs zinaambiwa njia na routeur kubwa iliyo ofisini kwetu. Sasa, hiyo kubwa hata ikijua njia mbili inachagua ile inayoona ni bora, na kuwatangazia wengine hiyo moja tu, nyingine inabaki nayo yenyewe. Fibre ikikatika, ndipo inatangaza satelaiti. Lakini ikiwa yenyewe imezimika, hakuna wa kutangaza, na zile ndogo zinaendelea kushika kile zilichoambiwa mara ya mwisho. Kwa hiyo kuna réglage, mpangilio wa kuiambia: tangaza zote mbili tangu mwanzo, kila njia na namba yake, kwa sababu bila namba tangazo la pili linafuta la kwanza.

Hayo leo nayajua. Mwezi wa kumi na moja, kwenye formation, mafunzo tuliyofuata kwa video na mafundi wa kampuni nyingine, sikuyajua. Mwalimu alikimbia, wenzangu wote wakaandika "compris", kwamba wameelewa, na mimi nikaandika "compris". Ile habari ya namba sikuielewa hata kidogo, nilifikiri mashine zitachanganyikiwa na kutuma kila ujumbe mara mbili, nikaogopa kuharibu mtandao wa watu. Papa Edouard alikuwa amelazwa na malaria, kazi ile akaniachia. Aliporudi akaniuliza:

"Mélanie, ile ya njia zote mbili, uliweka?"

"Ndiyo, papa, niliweka."

"Kwa clients wote?"

"Wote."

Maman, nilipanga kusoma vizuri na kuiweka wiki ile ile. Noeli ikafika, kisha Januari, kisha vita vikatukaribia na hakuna aliyekuwa na kichwa cha kusoma.

Halafu ikawa Ijumaa ile unayoijua, vita vilipoingia mjini. Patron, mwenye kampuni, alikuwa Kinshasa. Papa Edouard, ambaye ndiye alikuwa na ufunguo wa ofisi na wa groupe électrogène, jenereta yetu, aliijaza mafuta, akaiacha ijiwashe umeme ukikatika, akamchukua mke wake Virginie na watoto, wakavuka mpaka. Mchana umeme wa mji ukaondoka, jioni mafuta yakaisha, routeur kubwa ikazimika, na fibre nayo ikakatwa mahali tusipopajua. Satelaiti ilikuwa nzima, inafanya kazi bila mtu wa kuitumia. Simu za kawaida zilikuwa zinagoma.

Juu ya mlima kuna kliniki tunayoihudumia, yenye panneau zake za jua. Muuguzi Madeleine alibaki pale peke yake na wagonjwa, na kati yao alikuwamo Bibiane, muuzaji wa maharagwe, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu Ijumaa asubuhi. Daktari alikuwa amekwama upande mwingine wa mji, alikuwa anamwongoza Madeleine kwa video. Jioni picha ikakatika. Jumamosi alfajiri mtoto akazaliwa, akafa.

Saa nne asubuhi milio ya risasi ilipopungua nikapanda kwa miguu nikipita kando ya kuta. Nilifungua mashine ya kliniki nikaona: njia moja tu, ile ya fibre, iliyokufa. Nikaandika kwa mkono mstari mmoja wa kuielekeza kwenye satelaiti. Dakika mbili hazijaisha, simu ya Madeleine ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe. Daktari akatokea, akamwelekeza namna ya kuzuia damu ya Bibiane, ambayo ilikuwa haikomi. Bibiane akapona. Madeleine alinikumbatia akilia: "Mungu ndiye amekutuma!" Mimi nilikuwa naangalia kitenge kilichofunika kitu kidogo pembeni ya kitanda.

Patron aliporudi aliuliza nani aliacha ofisi. Papa Edouard, aliyekuwa amerudi na familia yake, akasema, "Ni mimi. Nilipeleka batoto." Akaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Pale nje ya lango aliniambia, "Sielewi, Mélanie. Niliondoka na moyo mutulivu juu nilijua tuliweka zote mbili. Hata mashine kubwa ikizima, kliniki ingebaki na satelaiti." Na mimi nikamjibu, "Labda ni bug, papa."

Sasa nimefanywa chef technique, mkubwa wa mafundi. Kliniki walinitaja kwenye misa ya shukrani. Ile réglage nimeshaiweka, ilinichukua robo saa, hakuna atakayejua. Mama anasema ninyamaze, ilikuwa vita, na nikifukuzwa tutakula nini. Lakini Bibiane akiniona sokoni Kadutu ananisalimia kwa mikono miwili, na mimi naondoka bila kununua kitu. Nifanye nini?

Mélanie (si jina langu), Ibanda

*

Mélanie binti yangu,

Majina mengine yote nimeyabadilisha, na barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Nianze na mtoto, kwa sababu najua ndiye anayekuamsha. Hujui kama angeishi. Mimi sijui. Kuna mtu mmoja anayeweza kukuambia kitu, ni Madeleine, na wewe hujamuuliza kwa sababu unaogopa majibu yote mawili. Kamuulize. Na acha kujipa vita ambavyo hukuvileta: si wewe uliyekata fibre, si wewe uliyemfungia daktari upande wa pili wa mji. Ulipanda mlima ule Jumamosi wakati mimi nilikuwa chini ya meza nyumbani kwangu na rozari. Hilo pia ni kweli, usilitupe.

Lakini sasa nakugombeza. Kutoelewa formation si dhambi, nusu ya mji huu tunaandika "compris" tukiwa tumepotea. Kuogopa kuharibu, naelewa. Hata ile "wote" uliyomjibu papa yule, ilikuwa aibu ya mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Kosa lako zito ni maneno manne ya pale langoni. "Labda ni bug, papa." Mtu aliyekufundisha kazi alisimama mbele yako akiwa amepoteza kazi, anajiuliza kama ana akili, na wewe ulikuwa na jibu mdomoni. Tangu siku ile anatembea Bukavu akifikiri yeye ndiye hajui kazi yake.

Mama yako anakupenda, na kwa hili amekosea.

Nenda kwa Papa Edouard kabla ya kwenda kwa patron. Nenda nyumbani kwake kwa miguu yako, usimtumie ujumbe. Mwambie kwa sentensi moja: sikuiweka, nilikudanganya. Usilie mbele yake akalazimika kukubembeleza. Virginie akikufukuza, toka, urudi kesho. Siku inayofuata andika barua kwa patron, usaini jina lako, na useme wazi kwamba mwenzako aliondoka akiamini neno lako. Kama utafukuzwa, utafukuzwa ukiwa fundi anayejua kazi.

Kwa Bibiane usikimbilie. Zungumza kwanza na Madeleine. Akiona inafaa, nendeni pamoja, umwambie kwa maneno anayoyaelewa, kisha ukae umsikilize. Usimwombe akusamehe. Mwachie hilo alitoe akitaka.

Na formation ijayo, nyosha mkono.

Maman Adélaïde

*

Wasikilizaji wangu, jibu hili nilimpelekea Mélanie kwanza na kuahidi sitalisoma hewani mpaka aniambie mwenyewe. Imechukua wiki tano. Hivi ndivyo alivyoniandikia:

"Maman, nilienda. Papa Edouard alinisikiliza akiwa amesimama, akauliza swali moja tu: 'Ile namba, ulifikiri ni ya nini?' Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema, 'Rudi kwenu, Mélanie. Nitakuita mimi.' Siku tisa hakuita. Patron alikasirika sana, akanitoa kwenye uchef, akanipa onyo la maandishi, na akamrudisha Papa Edouard. Tunafanya kazi meza moja. Hatuzungumzi mengi.

"Madeleine aliniambia moyo wa mtoto ulikuwa umeanza kuchoka tangu Ijumaa mchana, kabla picha haijakatika. Akasema, 'Labda daktari angemuokoa, labda hapana. Mimi pia najiuliza.' Kisha tukaenda wote wawili kwa Bibiane.

"Nilimweleza. Aliendelea kuchambua maharagwe. Mwishowe akauliza, 'Na sasa? Mwanamuke mwingine akiwa pale, na kule kwenu kumezima, daktari atabaki?' Nikasema atabaki. Akasema, 'Nionyeshe.'

"Tukapanda naye kliniki. Madeleine akampigia daktari kwa video, na mimi nikamwomba Papa Edouard kwa simu azime vyote, fibre na routeur kubwa. Alizima kwa mkono wake. Picha ya daktari ikaganda. Bibiane akanishika mkono, akanibana mpaka kucha zikaingia. Halafu daktari akaendelea kusema, kama mtu aliyekatishwa na kikohozi.

"Bibiane hakuniachia mkono. Alisema, 'Waambie bazime tena.'"