Kikapu Nilichoandika Bila Kukiona

Nassor,

Nimeanza kukuandikia mara mbili, na mara zote mbili imetoka kama ripoti ya polisi. Hii ya tatu nayo huenda ikatoka hivyohivyo. Utanivumilia. Nina hasira na wewe, na mtu aliyekufa hapigiwi simu akaulizwa.

Swali langu ni moja. Nani alifunga kikapu cha mwisho kwenye fainali ya mpira wa kikapu ya wasichana wa vyuo, ile ya miaka tisa iliyopita, pale uwanja wa chuo karibu na Mwenge? Uliniambia ni Zuhura, binti wa dada yako. Nikaandika Zuhura. Gazeti likatoka na Zuhura. Aliyefunga si Zuhura. Nimejua sasa, baada ya wewe kuondoka, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Ngoja niende kwa mpangilio.

Mie nilikuwa natumwa na gazeti kwenda kwenye mechi zile. Wewe hukutumwa na mtu. Ulikuwa na duka la mapazia Kinondoni, ulilorithi kwa baba yako, naye kwa baba yake, na kila Jumamosi saa tisa alasiri ulilifunga ukawaambia wateja, "Naenda chuo." Nusu ya mtaa iliamini unasoma shahada. Mama mmoja alikuuliza mbele yangu utamaliza lini. Ukamjibu, "Sina haraka, mama. Bado nipo mwaka wa kwanza." Ulikuwa na miaka hamsini na moja.

Tulikaa ngazi ya tatu ya zege, upande unaopata kivuli mapema. Wewe ulinunua mihogo ya kukaanga, mie karanga. Wachezaji hukuwajua kwa namba, uliwajua kwa kozi wanazosoma. "Wewe wa uhasibu, hesabu hatua zako!" "Wewe wa sheria, hiyo ni faulo, kasome tena." Siku moja refa alisimamisha mchezo, akaja mpaka kwenye ngazi kukuomba unyamaze. Ukamkaribisha mhogo. Akachukua kipande, akarudi uwanjani, na robo iliyofuata akaipulizia timu yako faulo mfululizo mpaka kocha akatupa daftari chini. Ukaniinamia ukasema, "Pilipili imemkolea."

Mechi za wavulana ulizitazama kwa adabu tu. Ulikwenda kwa ajili ya wasichana wa chuo kile, hata kabla Zuhura hajajiunga nacho. Ulisema wavulana wanarusha mpira kwa kujionyesha na wasichana wanarusha ili uingie. Nililiandika hilo mara moja kwenye makala, bila kukutaja. Ulinuna wiki nzima.

Sasa tuje kwenye kosa, na kosa linaanza na mie.

Ukurasa wa michezo ulifungwa saa kumi na mbili jioni. Fainali zilipangwa kuanza saa kumi, na hazikuanza saa kumi. Kwa hiyo kila robo ya nne ilipofika katikati, nilikunja daftari nikatafuta bodaboda, wewe ukabaki. Nikifika chumba cha habari, naandika habari yote na kuacha nafasi mbili wazi: ya pointi na ya jina la aliyemaliza mechi. Kipenga cha mwisho kikilia, unanipigia, nazijaza. Katika miaka yote ile sikuwahi kuona mwisho wa fainali hata moja. Wasomaji hawakujua. Mhariri hakujua. Niliwahi kuandika kwamba uwanja ulilipuka kwa shangwe nikiwa bado nimekwama kwenye taa za Ubungo.

Siku ile ulipiga na nyuma yako watu wanaimba. Maneno yako nayakumbuka. "Andika Zuhura. Zuhura ndo kamaliza kazi, sekunde za mwisho. Mtoto katutoa kimasomaso." Nikaandika.

Daftari la siku ile ninalo. Lina mwandiko wangu mwenyewe: Zuhura, faulo nne, zimebaki dakika sita. Faulo moja zaidi na mchezaji anatoka, harudi. Mwandishi aliyeanza kazi juzi angeuliza, "Hivi alimaliza mechi?" Mie nilikuwa na miaka kumi na saba kazini, na ninawafundisha vijana kwamba habari ya mtu mmoja haijawa habari mpaka apatikane wa pili. Sikuuliza, kwa sababu aliyepiga ulikuwa wewe.

Arobaini yako tuliisoma nyumbani kwa dada yako. Turubai lilijaa, pilau ilitosha, watu walikusifu kwa kiasi kinachokustahili na wengine wakazidisha. Baada ya dua dada yako aliniita sebuleni. Ile habari ipo ukutani, kwenye fremu ya dhahabu, juu ya televisheni. Aliwaambia wanawake waliokuwa pale, "Huyu ndiye aliyemwandika mwanangu." Nikaitikia.

Zuhura alinifuata mpaka getini. Ni mtu mzima sasa, anafanya kazi benki.

"Anko, kuna ishu. Ile ya ukutani sio mie."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Mie nilishatolewa. Faulo ya tano. Wewe hata dakika tatu hujamaliza tangu uondoke. Nilikuwa benchi nimejifunika taulo usoni nalia. Aliyefunga ni Tumaini."

Nikamuuliza kama wewe ulijua.

"Mjomba? Alikuwa anapiga kelele kuliko wote. Sijui aliona nini. Asubuhi nataka kumuuliza, nakuta mama kashakata gazeti, kaenda kulitia fremu. Nikanyamaza. Kila mwaka ikawa ngumu kuliko mwaka uliopita."

Umeona uliponiweka? Ama ulikosea, ama ulidanganya. Ulikuwa umekataa miwani, mwanga wa jioni ulikuwa unafifia, na wasichana wale wawili wanalingana kimo. Hilo nalikubali. Lakini pia ilikuwa mechi ya mwisho ya Zuhura chuoni, na ulikuwa mtu wa kumpa mteja mita ya ziada ya kitambaa kwa sababu tu amesema anaoza binti. Hilo nalo nalikubali. Nimekaa na haya mawili wiki nyingi na hayanipeleki popote. Wewe uliyekuwa unajibu ujumbe kabla sijaweka simu mezani.

Tumaini nilimpata kwa namba aliyonipa Zuhura. Anafundisha shule ya msingi Mbagala na anaishi na baba yake, Mzee Matayo, aliyefanya kazi machinjio ya Vingunguti mpaka alipostaafu. Nilidhani nitamkuta mtu aliyesahau. Aliniuliza kwanza kama nimekuja kwa ajili ya kikapu.

Siku ile alirudi nyumbani akamwambia baba yake kwamba amefunga kikapu cha ubingwa. Mzee hakuwahi kukanyaga uwanjani. Asubuhi alikwenda kununua gazeti, akaisoma habari yote, akarudia, akamwita. Jina lake halikuwemo hata mara moja. Akamwambia, "Ungeniambia mmeshinda ingetosha. Ulikuwa na haja gani ya kuongeza?"

Tangu siku hiyo, Nassor, katika nyumba ile uongo unaitwa kikapu. Fundi akisema anakuja kesho, mzee anasema hicho kikapu. Jirani akisema amekula ugali na kuku, hicho kikapu. Wote wanacheka, na Tumaini anacheka nao, maana ufanyeje. Miaka tisa. Kisha mwanawe wa darasa la pili alimuuliza kama kweli alikuwaga mchezaji. Akamwambia ndiyo, na walikuwa mabingwa. Mtoto akamjibu, "Mama, hicho kikapu."

"Hapo ndo nilichoka," aliniambia. "Baba ana presha, macho hayo yanakwenda. Nataka alisome yeye mwenyewe kabla hayajaisha. Sitaki kingine kwako."

Nilirudi ofisini siku hiyohiyo. Mhariri wetu wa michezo ni kijana, mchapakazi, simchukii. Nilimweleza. Akaniangalia kama nimemletea matokeo ya mechi za wakoloni.

"Braza, miaka tisa? Hiyo sio habari, hiyo historia. Nikuwekee mtandaoni?"

Nikamwambia msomaji wangu mmoja tu ninayemtaka hana simu ya mtandao. Akasema nafasi haipo. Siku iliyofuata nafasi haikuwepo. Wiki iliyofuata ukurasa ulikuwa na picha ya gari la mchezaji wa kandanda, robo tatu ya ukurasa, gari limeegeshwa. Nilianza kumpelekea mistari yangu minne kila asubuhi pamoja na chai.

Wakati nasubiri nikaenda Mbagala kwa mzee mwenyewe. Nilichukua na daftari. Alinipokea vizuri, akanipa kiti kilicho kivulini, yeye akakaa juani. Nikamwambia mie ndiye niliyeandika ile habari, na niliandika makosa, binti yake alisema kweli.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia, "Sikuwepo. Nilikuwa nimeondoka."

"Basi uliandika bila kuona."

"Ndiyo, mzee."

"Na sasa umejuaje kuwa ni yeye? Ulirudi ukaona?"

Nilikaa pale, Nassor, na daftari langu. Linasema faulo nne, halisemi tano. Mzee wa machinjio alikuwa ananiuliza swali ambalo nilipaswa kukuuliza wewe kwenye simu miaka tisa iliyopita, na alikuwa na haki nalo zaidi yangu. Nikamwambia nimeambiwa. Akatikisa kichwa taratibu. "Bwana mwandishi, na mwanzo si uliambiwa vilevile?"

Alibaki mtu mmoja wa kuaminika, yule anayepoteza kwa kusema kweli. Nilimpigia Zuhura. Sikumshawishi, nilimweleza tu alivyosema mzee. Akasema lazima aanze na mama yake. Alimwambia Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Jioni dada yako akanipigia. Alisema sentensi moja, "Hata kaburi halijakauka, mwandishi," akakata. Mpaka leo hapokei simu yangu. Fremu sijui kama ipo bado. Hilo nalo ningependa ulijue, maana ni dada yako, na mie ndiye niliyebaki nalo.

Jumapili Zuhura alikuja Mbagala. Alivaa baibui lake la kutokea, kama mtu anayekwenda kutoa posa. Akampa mzee shikamoo, akakataa kiti.

"Baba, mie ndo Zuhura wa kwenye gazeti. Siku ile nilikuwa benchi, nimetolewa. Kikapu kafunga Tumaini. Nilimwona kwa macho yangu, maana niliposikia kelele nilitoa taulo."

"Na ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Mama alifurahi sana."

Sikuweza kusoma uso wa mzee, na sitajifanya niliweza. Halafu akaita kwa sauti kuelekea uani, "Tumaini! Njoo hapa." Akaja, mikono ina povu la sabuni, mwanawe nyuma yake.

"Ulikifungaje?" mzee akamuuliza.

Tumaini hakuelewa mara moja. Alipoelewa alijifuta mikono kwenye kanga, akaanza. Alisema alipokea mpira kushoto kwa sababu kulia kulikuwa na mabeki wawili. Akapiga hatua mbili, akarusha kwa mkono wa kushoto. Mpira ukagonga ringi, ukaruka juu, ukagonga tena, ukaingia. Alisema kipenga kililia mpira ukiwa hewani na aliusikia wavu kabla hajausikia uwanja.

"Mkono wa kushoto?" mzee akauliza. "Wewe si wa kulia?"

"Dole gumba lilikuwa limeteguka, baba. Tangu nusu fainali."

"Hilo hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Mzee akainamisha kichwa. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Umemsikia mama yako?" Mtoto akasema amesikia. "Mkono wa kushoto," mzee akarudia, safari hii kama anamwambia mtu ambaye hayupo.

Na mie ndivyo nilivyopata mwisho wa mechi ile, nimekaa Mbagala juu ya kiti cha plastiki. Nimeuandika kwenye daftari lilelile, ukurasa ule uliobaki mweupe. Nilitaka kukupigia. Mkono ulishaingia mfukoni.

Mhariri amekubali. Nadhani ni ile chai. Marekebisho yanatoka Jumanne, mistari minne chini ya ukurasa, na jina langu. Nakala ya mzee nitaipeleka mwenyewe, nimeshamwambia Tumaini aniwekee miwani ya baba yake karibu. Wewe humo sijakutaja, na nakuahidi sitakutaja. Siwezi kuandika kwamba ulidanganya, sina shahidi. Siwezi kuandika kwamba ulikosea, shahidi wa hilo pia sina. Nimeandika kwamba mwandishi hakuwepo uwanjani. Dada yako nitaendelea kumpigia kila Ijumaa mpaka apokee, na akipokea nitamwambia kosa ni la aliyeandika.

Kwaheri, Nassor. Mola akupe kauli thabiti huko ulipo. Hasira zikiisha nitakuja makaburini nikusomee Fatiha. Zisipoisha nitakuja vilevile.