Dawa za Nyanya si za Wageni

Mulekera, Beni
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Jokébed,

Pokea salamu zangu kutoka huku Beni. Mnaendeleaje huko Kamango? Watoto wamepona malaria? Na Nyanya, tangu alipoanguka kisimani, ameanza kutembea? Sisi tuko, tunashukuru Mungu. Mama anasumbuliwa na mgongo lakini shambani anaenda tu. Mimi sina ugonjwa, ila uchovu.

Tangu nimalize shule niko kwa Mama Anne-Marie, katika duka lake la dawa hapa mtaani. Nilifikiri kazi ni kukaa kivulini na kuuza. Kumbe ni kusimama tangu asubuhi mpaka miguu ivimbe. Tunapanga rafu: dawa ambazo tarehe yake ya mwisho iko karibu kufika zinakaa mbele, za tarehe ya mbali nyuma. Zenye majina yanayofanana tunazitenga mbali mbali, maana mkono ukichoka unachukua chochote.

Na watu hawakomi kuja. Wengi wamekimbia vita katika vijiji vyao, wanaingia na mtoto wa homa mgongoni, wanaomba dawa kwa rangi: "Nipatie ile ya nyekundu na njano." Siruhusiwi kuitoa hivyo. Lazima niulize ni ya nani, ana umri gani, anaumwa nini, muuguzi ameandika nini, anakunywa dawa gani nyingine. Unanijua, Mama Mdogo. Kumwuliza mtu mzima maswali hayo kunanichosha kuliko kubeba maji. Nikirudi nyumbani sina hata sauti ya kusali.

Ibrahim dereva alifikisha ujumbe wako: dawa za presha za Nyanya zimepoteza nguvu, zinakwisha haraka, na kituo cha afya walipompima presha ilikuwa juu sana. Ukaomba nitume zenye nguvu zaidi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Mama Anne-Marie akaniuliza kama mgonjwa akiwa wa kwetu maswali hayaulizwi. Basi nikamwuliza Ibrahim, huku nikiangalia viatu vyake, kama Nyanya anameza dawa kila siku.

"Sema na nguvu, docteur! Sauti yako ni ya kifaranga," akasema.

Nikarudia.

"Anameza? Anagawa! Mugeni akiingia pale, akisema kichwa inamuuma, anamupatia komprime moja ya ile dawa yake na chai. Hata miye alinipatia."

"Na ulimeza?"

"Mais mutoto, nitakatalia mama muzee namna gani?"

Wateja wote wakacheka. Mimi nilikosa nguvu ya kucheka. Mama Anne-Marie alimkalisha Ibrahim, akampima presha, akamkemea mpaka naye akaacha kucheka.

Najua ni moyo wa Nyanya. Hajawahi kuacha mtu atoke kwake mikono mitupu, na sasa waliokimbia wamejaa uani, muhogo hautoshi, anatoa alicho nacho. Lakini dawa zake hazijapoteza nguvu. Ni yeye anazikosa. Kama ningetuma zenye nguvu zaidi, mgeni asiye na presha angemeza, angeondoka kwenu na kuanguka njiani.

Kwa hiyo sikuzituma. Nimetuma zile zile. Nisamehe, naona haya kukuagiza wewe uliyenibeba mgongoni. Zikae chumbani kwako, ndani ya boksi lake, mbali na jiko na mbali na bati, kwa sababu joto la Kamango litaziharibu. Kila asubuhi mpe moja na usimame hapo mpaka ameze. Akijisikia vizuri asiache. Akisahau siku moja, asimeze mbili pamoja. Wiki ijayo apelekwe kupimwa tena, na kama bado iko juu, muuguzi ndiye atakayebadilisha, si mimi. Akishindwa kusema vizuri au mkono ukilegea, msingoje hata kupambazuke, mpelekeni.

Ndani ya paketi utakuta pia mfuko wa bonboni, pipi tamu za watoto. Mwambie Nyanya nimewatumia wageni wake, azigawe anavyotaka. Anayeumwa kichwa apewe bonboni moja na chai, kisha aonyeshwe njia ya kituo cha afya.

Nisalimie Éliakim na mke wake, pia Kambere, na mtoto Mapenzi ambaye bado sijamwona. Mungu awalinde barabarani na shambani, awape usingizi usio na hofu.

Nimemwomba Ibrahim, akifika kwenu, amwambie Nyanya kwamba kichwa kinamuuma. Akirudi huku na kusema alipewa bonboni, nami nitalala.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Elsa